Tetesi za simu mpya: kabla hujaamua kusubiri, uliza lini na uliza simu ipi

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno siku hizi, kwamba ninunue simu sasa hivi au nisubiri ile inayokuja maana wanasema itakuja na hiki na kile, na kila nikijibu kwa kifupi naona sijajibu kitu, kwa hiyo leo nimekaa niandike yote.

Nianze na yaliyonikuta mimi. Kuna mwaka simu yangu ilianza kuzima ikiwa na asilimia 30, yaani uko katikati ya maongezi inakata, ukiiwasha inakuonyesha 4. Fundi akaiangalia akasema betri imechoka, badilisha. Mi nikagoma. Nilikuwa nimesoma tetesi kwamba modeli inayofuata ya kampuni ileile inakuja na betri ya aina mpya, tena mvujishaji mmoja alitaja mpaka wiki ya uzinduzi, nikaona nibadilishe betri ya nini wakati imebaki miezi miwili tu. Ile miwili ikawa minne, minne ikawa saba. Usiku mmoja taa zimeshazimwa nikaona mwanga unatoka ubavuni mwa simu, mstari mwembamba kama wa mlango usiofungwa vizuri, nikapitisha ukucha kati ya kioo na fremu ukaingia. Betri ilikuwa imevimba mpaka inasukuma kioo juu, na mi bado nilikuwa nailaza karibu na mto kila siku.

Asubuhi haikuwaka. Na bakapu sikuwa nimefanya, kwa sababu nilijiambia nitahamisha kila kitu simu mpya ikifika. Mle ndani kulikuwa na voisinoti za mama za karibu miaka miwili, zile fupi fupi za kuniuliza nimefikaje na mbona sipigi simu. Hazikupatikana tena. Simu niliyokuwa naisubiri ilipokuja kutoka, ile betri ya aina mpya haikuwamo.

(Kama unasoma hapa na kioo cha simu yako kimeanza kuinuka pembeni, zima simu, usiichaji, usikibonyeze kirudi, usitoboe kitu, ipeleke kwa fundi leo hii. Mengine utasoma baadaye.)

Sasa sitaki mtu aelewe kwamba nasema tetesi ni uongo. Nyingi ni za kweli, na hapo ndipo watu wanapojikwaa, kwa sababu ukishaona tano zimetimia unaanza kuziamini zote kwa kipimo kimoja. Tetesi moja huwa imebeba madai matatu ndani yake, kwamba kitu fulani kipo, kwamba kitakuja wakati fulani, na kwamba kitakuja kwenye simu fulani. Hayo matatu hayana uzito sawa. La kwanza mara nyingi linatimia, la pili linateleza sana, na la tatu watu hata hawaliulizi.

Chukua lile la iPhone na setilaiti. Agosti 2021 mchambuzi Ming-Chi Kuo, ambaye si mtu wa kubahatisha, alisema iPhone 13 inaweza kuja na mawasiliano ya setilaiti. Watu wakawaka, wengine wakaanza kusema mitandao ya simu basi tena. iPhone 13 ikatoka mwezi uliofuata, hakuna setilaiti. Kitu chenyewe kilikuwepo kweli, ila kilikuja na iPhone 14 mwaka 2022, tena huduma haikuwashwa siku simu ilipoingia sokoni, ilisubiri mpaka Novemba, ikaanzia Marekani na Kanada, na ilikuwa ya kuomba msaada wa dharura, sio ya kupiga stori. Kwa hiyo aliyenunua 13 kwa ajili ya setilaiti alisikia habari ya kweli akanunua simu isiyo yenyewe.

Kwa nini inakuwa hivi? Kwa sababu umbo la simu na programu ya simu vinavuja kwa njia mbili tofauti kabisa. Simu yenyewe inatengenezwa viwandani miezi mingi kabla hujaiona, vioo vinaagizwa, kamera zinaagizwa, wanaotengeneza kava wanahitaji vipimo mapema ili kava ziwe tayari siku ya kwanza, na kila mkono inapopita kuna mtu anaweza kupiga picha. Kikishafika hatua hiyo hakibadiliki kirahisi, huwezi kuhamisha tundu la kamera wiki mbili kabla. Ndio maana picha za mgongo wa simu zinazovuja karibu na uzinduzi huwa sahihi sana. Kuna wakati mpaka Google wenyewe, Juni 2019, waliamua kuweka picha ya mgongo wa simu yao ya Pixel 4 hadharani miezi kadhaa kabla ya uzinduzi, maana tetesi zilishaimaliza siri yote.

Programu ni habari nyingine. Mtu anafungua faili za toleo jipya, anakuta maneno ya kitufe ambacho hakijawashwa, anaandika "kinakuja." Wakati mwingine kinakuja kweli, na hii njia imewahi kutoa vitu vikubwa, kama mwaka 2017 ambapo programu ya HomePod, spika ya Apple, iliachiwa kabla ya wakati na ndani yake watu wakakuta umbo la iPhone isiyo na kitufe cha chini pamoja na habari za kutambua uso, na Novemba mwaka huohuo iPhone X ikaingia sokoni hivyohivyo. Lakini kitufe kwenye faili kinakwambia kitu kimoja tu, kwamba kuna mhandisi aliwahi kukifanyia kazi. Kinaweza kuwashwa wiki ijayo, kinaweza kukaa miaka miwili, kinaweza kufutwa na hutasikia neno. Mi nikiona tetesi ya programu imetokana na skrinishoti ya faili, naisoma kwa raha, ila siipangii hela.

Na usidhani kampuni ikishasema yenyewe basi imekwisha. Juni 2024 Apple walitangaza Siri mpya, yule msaidizi wa sauti wa iPhone, inayojua mambo yako, inayosoma kilicho kwenye skrini na kufanya kazi ndani ya apu, wakaitangaza mpaka kwenye matangazo ya iPhone 16. Machi 2025 wakasema itachukua muda zaidi. Hiyo haikuwa tetesi ya mtu, ni wao wenyewe waliosema. Pedi ya kuchaji ya AirPower walitangaza Septemba 2017, Machi 2019 wakaifuta bila kuuza hata moja. Galaxy Fold ya kwanza, simu ya kukunja ya Samsung, ilikuwa iuzwe Aprili 2019, vioo vikaharibika mikononi mwa waandishi waliopewa kuijaribu, ikasogezwa mpaka Septemba. Sasa kama mwenye mali anaweza kukosea tarehe, yule anayeipata kwa mtu wa tatu tumpe nini?

Tuje kwenye kalenda, maana hii inasaidia kuliko tetesi zote. Apple huonyesha toleo jipya la iOS, yaani programu kuu ya iPhone, mwezi Juni, kisha Septemba linaachiwa kwa wote pamoja na iPhone, na tangu 2012 iPhone kuu za mwaka zimekuwa zikizinduliwa Septemba, ukitoa 2020 ambapo kwa sababu ya korona ilikuwa Oktoba na nyingine zikaingia sokoni Novemba. Kwa Samsung, Galaxy S24 ilizinduliwa tarehe 17 Januari 2024, S25 tarehe 22 Januari 2025, na zile za kukunja miaka hiyohiyo zikawa Julai. Google ndio wanaohamahama, Pixel 8 ilikuwa Oktoba 2023, Pixel 9 ikavutwa hadi Agosti 2024, na Android nayo ikasogea, Android 15 ilifika kwenye simu za Pixel Oktoba 2024 halafu 16 ikatoka Juni 2025. Ona hapo, Pixel 9 ilipoanza kuuzwa ilikuwa na Android 14, kwa hiyo aliyeisubiri akidhani simu mpya lazima ije na Android mpya, ilibidi asubiri apdeti.

Hilo ni jambo ambalo natamani kila mtu alishike, siku ya uzinduzi, siku ya kuuzwa, na siku ya kile kitu ulichokitaka kuwashwa zinaweza kuwa siku tatu tofauti kabisa. iPhone 16 ilianza kuuzwa tarehe 20 Septemba 2024. Apple Intelligence, yaani akili bandia ya Apple, ambayo ndiyo ilikuwa imeandikwa kila mahali, ilianza tarehe 28 Oktoba na iOS 18.1, tena kidogo kidogo na kwa Kiingereza cha Marekani peke yake. Ukiuliza simu ipi ndio utaumia zaidi, maana kwa simu za mwaka wa nyuma yake waliipata 15 Pro na Pro Max tu, na mwenye iPhone 15 ya kawaida ambayo ilikuwa na mwaka mmoja na kidogo tu sokoni akaachwa nje. Kwa Samsung pia, One UI 7, yaani toleo lao la Android, ilikuja na S25 Februari 2025, mwenye S24 akaanza kupata toleo kamili Aprili. Simu ilikuwa ya mwaka mmoja tu!

Kwa hiyo ukisikia miaka 7 ya apdeti, kama Google walivyoahidi kuanzia Pixel 8 na Samsung kuanzia S24, ni jambo zuri sana na mi ningelipa uzito kuliko kamera, ila apdeti maana yake ni toleo na ulinzi, haimaanishi kila kitu kipya kitafanya kazi kwako. Vingine vinataka memori kubwa, vingine vinataka chipu mpya, na kuna vingine kampuni imeamua tu vibaki kwenye simu mpya.

Halafu kuna wale wanaosema basi mi nitaweka beta, yaani toleo la majaribio, nione mapema. Nilishafanya. Niliweka kwenye simu niliyoitegemea kwa kila kitu, siku ya kwanza nilifurahi, siku ya pili simu ikawa ya moto mfukoni hata siitumii, siku ya tatu apu ya benki ikagoma kufunguka na nilikuwa na malipo ya kufanya jioni ileile. Kurudi nyuma ndio nikajua ni kufuta simu yote. Kwenye iPhone bakapu uliyoifanya ukiwa kwenye beta hairudishiki kwenye toleo la nyuma yake, inabidi uwe na ya kabla, na kwenye Pixel ukitoka beta katikati simu inafutwa pia. Kama una simu ya pili iliyolala droo, weka humo ucheze unavyotaka. Kama ni moja, acha wengine waweke wewe usome walichokiona.

Mi siku hizi naamua hivi. Kwanza naiangalia simu niliyonayo wala siangalii inayokuja. Kama inazima yenyewe, kioo kimeinuka, au haipati tena apdeti za ulinzi, hakuna tetesi yoyote ya kunifanya nisubiri, natengeneza au nanunua. Kubadilisha betri watu wanaona kama kutupa hela kwenye simu ya zamani lakini betri mpya inaweza kukuongezea hata mwaka, na ndani ya huo mwaka tetesi zote zitakuwa zimeshajulikana ipi kweli ipi hapana, utanunua ukiwa umetulia.

Kama simu ni nzima na kalenda inaonyesha zimebaki wiki tano au sita, hapo nasubiri, hata kama sitaki hiyo mpya, kwa sababu ile ya mwaka uliopita mara nyingi inashuka bei. Ikizidi hapo sisubiri. Ikiwa simu imeshaonekana kwenye nyaraka za FCC ya Marekani, wale wanaoidhinisha vifaa vya mawimbi ya redio, hiyo naipa uzito maana kuna kifaa halisi kimepelekwa kupimwa. Namba ya modeli na majibu ya Geekbench, ile apu ya kupima kasi ya simu, navyo vinanisogeza kidogo, ingawa hivyo mtu anaweza kughushi. Anayeleta habari naangalia alisema nini mwaka jana, na zaidi naangalia kama anatenganisha anachokijua na anachokikisia. Kwenye ile ya setilaiti, mwandishi Mark Gurman wa Bloomberg aliandika muda mfupi tu baada ya Kuo kwamba ni ya dharura na kwamba mwaka ule haielekei kuwa tayari. Watu walisambaza ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa tamu.

Na nikinunua nanunua kwa kile kinachofanya kazi siku ninapoishika. Kilichoandikwa "kitakuja baadaye" nakihesabu sifuri, kikija nafurahi.

Bakapu siku hizi inajifanya yenyewe kila usiku simu ikiwa kwenye chaja, na voisinoti za mama nazihifadhi sehemu mbili.

Jana mdogo wangu kaniandikia, anasema simu yake inapata moto na inakata chaji haraka lakini anaona bora avumilie maana kuna inayokuja, kaniwekea na linki tatu. Sijazifungua bado. Nimemwambia ailaze simu juu ya meza, ainame aitazame kwa ubavu, apige picha anitumie.