Maswali ya wasomaji: Kufunga kruzi ya kiwandani kwenye gari la zamani

SWALI: Assalam aleikum mafundi. Nina Chevrolet Caprice Classic ya 1976, V8 350, gia otomatiki. Naiendesha Maskati hadi Salalah, karibu kilomita 1,000, na mguu wa kulia unachoka vibaya. Gari langu halikuja na kruzi, yaani kifaa kinachoshikilia mwendo bila mguu kukanyaga pedali ya mafuta. Nataka kufunga ileile ya kiwandani, si ya kompyuta. Nitafute vipuri gani, na fundi aangalie nini?
*Msomaji, Maskati*

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Fundi mtulivu anaiweza kazi hii. Chevrolet waliiuza kruzi hiyo kama nyongeza, kwa jina la Cruise-Master na msimbo K30, kwa hiyo hutalazimika kubuni kitu.

Kwanza fundi aelewe inavyofanya kazi. Kebo ya spidimita ikitoka kwenye giaboksi haiendi moja kwa moja kwenye dashibodi, bali inapitia regyuleta iliyo kwenye chumba cha injini. Regyuleta inapima mwendo, kisha inaamua vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini iende kwa sevo kwa kiasi gani. Sevo ni kopo lenye kiwambo cha mpira. Kiwambo kikivutwa, kinavuta mnyororo wa shanga uliofungwa kwenye mkono wa kabureta. Mwendo ukipungua, vakyumu inaongezeka na mafuta yanafunguliwa. Ukizidi, hewa inaingia na mnyororo unalegea.

Vipuri ni hivi: regyuleta na breketi yake, sevo na breketi yake, mnyororo, kebo mbili za spidimita badala ya moja (giaboksi hadi regyuleta, na regyuleta hadi dashibodi), mkono wa indiketa wenye kitufe nchani, swichi ya breki yenye miguu minne, vali ya vakyumu ya pedali ya breki, mipira, na waya zake. Nunua seti nzima iliyotoka kwenye gari moja. Ukikusanya kimoja kimoja, breketi na kebo ndizo zitakazokusumbua, kwa sababu zinatofautiana kulingana na injini.

Waya zichunguzwe kuliko kitu kingine chochote. Ndani yake kuna waya mmoja wa ukinzani, karibu omu 40, unaopeleka umeme mdogo wa kuishikilia solenoidi (sumaku ya umeme) ya regyuleta baada ya kitufe kuivuta. Kwa macho ni waya kama mwingine. Wanaobomoa magari huukata, na fundi akiunga hapo waya wa kawaida, solenoidi inapata umeme mwingi na kruzi inajiwasha yenyewe gari likipita kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni hatari kubwa. Pimeni kwa mita kabla ya kufunga. Mita ikionyesha ukinzani karibu na sifuri, waya huo haufai.

Sevo ijaribiwe mezani kwa pampu ya mkono. Vuta vakyumu ya inchi 14 za zebaki, subiri dakika moja. Ikishuka kwa zaidi ya inchi 5, kiwambo kimetoboka, tafuta sevo nyingine. Mpira uliokaa miaka mingi kwenye joto la Ghuba huwa umekauka, kwa hiyo msiruke jaribio hili hata kama sevo inang'aa.

Kazi ngumu iko kwenye usukani, kwa sababu waya za kitufe zinashuka ndani ya nguzo yake. Toa betri. Weka alama kwenye shafti na usukani ili urudi palepale, vuta usukani kwa pula (nyundo itaharibu shafti), bana sahani ya kufuli kwa chombo chake, kisha toa ringi inayoizuia. Kabla ya kuchomoa mkono wa zamani, pitisha uzi imara kwenye nguzo kutoka juu hadi chini. Waya mpya utavutwa kwa uzi huo. Hakikisha waya haugusi chochote kinachozunguka, na ringi irudi mpya.

Kebo zisipindwe kwa kona kali. Mviringo wa nusu kipenyo chini ya sentimita 15 ni mbaya. Kebo iliyobanwa inafanya sindano ya spidimita irukeruke, na kruzi itarukaruka nayo, maana inasoma mwendo kutoka kebo ileile. Waya wa ndani upakwe grisi nyepesi, ila sehemu ya juu karibu na dashibodi iachwe kavu, la sivyo grisi itapanda ndani ya spidimita.

Mnyororo unarekebishwa injini ikiwa moto, kisha imezimwa, na kabureta imefunga kabisa. Ukaze uwezavyo bila kuufungua mkono wa kabureta. Nafasi inayobaki isizidi nusu ya shanga moja. Ukilegea, gari litashuka mwendo kila unapobonyeza kitufe kabla kruzi haijashika. Ukikaza mno, injini haitatulia tena.

Sasa breki, na hapa hatutakubali njia ya mkato. Kuna vizuizi viwili vinavyojitegemea: swichi inakata umeme, na vali inaingiza hewa kwenye sevo moja kwa moja. Wapo wanaoiacha vali kwa kuwa "swichi inatosha". Haitoshi. Solenoidi ikikwama, vali ndiyo inayoiachia kabureta. Jaribio ni rahisi: gari limesimama na injini imezimwa, unganisha pampu ya mkono kwenye mpira wa vali, vuta vakyumu, kisha gusa pedali. Sindano ya pampu lazima ianguke mara moja, kabla breki hazijaanza kushika. Isipoanguka, gari lisitoke gereji.

Barabarani, chagua sehemu tupu na tambarare, fika kilomita 100 kwa saa, bonyeza kitufe mpaka mwisho na uachie. Likitulia chini ya mwendo uliouchagua, legeza nati ya bomba dogo lililo kwenye regyuleta na ulizungushe kutoka nje. Likitulia juu, lizungushe kuingia ndani. Robo mzunguko ni karibu kilomita moja na nusu kwa saa. Usilichomoe kabisa. Marekebisho yakigoma, safisha kichujio cha hewa cha regyuleta, kwa sababu vumbi la jangwa linakiziba.

Kwenye mlima mrefu gari litapoteza mwendo kidogo. Usilitafutie ubovu: kabureta ikifunguka sana vakyumu inapungua, na sevo inakosa nguvu ya kuvuta.

SWALI: Caprice ya rafiki yangu ni ya mwaka huohuo na ina kruzi, lakini baada ya kugusa breki hairudi kwenye mwendo wa awali. Imeharibika?
*Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Hapana. Kruzi ya 1976 haina kumbukumbu ya mwendo. Aongeze mwendo tena kwa mguu, kisha abonyeze kitufe.

SWALI: Mimi nina Peugeot 504 saluni ya dizeli, gia za mkono. Je, naweza kufunga ya namna hiyo?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ya vakyumu hapana, dizeli haina kabureta ya kuipatia vakyumu hiyo. Tumia kruzi ya umeme, ambayo sevo yake ina mota inayovuta mkono wa pampu ya dizeli kwa kebo. Mambo matatu yazingatiwe. Vifurushi vingi vinataka sumaku zifungwe kwenye propela shafti, lakini shafti ya 504 imo ndani ya bomba, kwa hiyo nunua kihisi kinachoingia kwenye kebo ya spidimita. Pili, swichi ya klachi ni lazima. Gari la petroli linaweza kulindwa kwa kusoma mzunguko wa injini kwenye koili; dizeli haina koili, na ukikanyaga klachi kruzi ikiwa imeshika, injini itapaa mizunguko. Tatu, kruzi nyingi za aina hii zinapata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) kupitia nyuzi za balbu za breki. Ukiwa umeweka balbu za LED, haitashika kabisa. Rudisha balbu za kawaida, au ongeza rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kwenye waya wa taa za breki.