Ukitoka soba hausi, tafuta pa kukaa jioni

Siku niliyotoka soba hausi, nyumba ya wanaoacha madawa ya kulevya, mama alinipikia biriani. Tukala, tukalia, tukacheka. Ilipoadhiniwa alasiri kila mmoja akashika lake, nami nikabaki nimesimama uani, sijui niende wapi. Miaka tisa ya unga, yaani heroini, ilikuwa imeniacha bila hata rafiki mmoja ambaye hatukuwahi kuvuta pamoja.

Ndio maana, ndugu yangu unayetoka leo, nakwambia jipangie jioni kabla ya kitu chengine chochote. Arosto, yale maumivu ya kuacha unga, ina siku zake, itakwisha. Saa ile ya baina ya alasiri na magharibi itakuja kila siku. Maskani ya zamani ipo pale pale, wenzako wanakupenda kweli, na mapenzi hayo ndiyo yatakayokurudisha. Kwa miezi nilikuwa nikizunguka vichochoro vya mbali kwenda dukani ili nisipite mbele yao.

Mimi pa kukaa nilipapata kwenye mikutano ya NA (Narcotics Anonymous), ya waraibu wanaosaidiana kuacha. Viti vinapangwa duara, anayetaka kusema anasema, hakatizwi, na yanayosemwa pale hayatoki nje. Mgeni hupewa kishikio cheupe cha funguo. Ukifika siku 30 unapata cha rangi ya chungwa. Changu cheupe ninacho hadi leo, kimekuwa rangi ya chai. Siku ile ya kwanza mtu mzima mmoja aliniandikia namba yake ya simu, akanambia, "Piga kabla. Na baada yake pia piga, lakini jitahidi iwe kabla."

Nilipiga wiki ya tatu, saa mbili usiku, pesa ninazo mkononi. Aliniuliza niko wapi, akaja na baiskeli. Tukakaa barazani tukinywa kahawa kwa kashata, akinisimulia bei ya ngisi na mashua yake inayovuja. Unga hakuutaja hata mara moja. Muuza kahawa akasuuza vikombe vyake akaondoka, sisi tupo tu. Tulipoinuka, ile hamu ilikuwa imeshapita.

Jambo moja linaniuma. Wapo wanaowadharau wenzao wanaokunywa methadoni, dawa ya hospitali ya kushika nafasi ya unga, eti hao bado hawajaacha. Dawa hiyo inatolewa hospitali ya Kidongo Chekundu, hapa Unguja, tangu 2015, na mtu huifuata kila siku akainywa mbele ya mhudumu. Anayeamka kila asubuhi kwa ajili hiyo anapigania uhai wake. Mpe kiti.

Nyumbani nako kuna kazi. Mama alikuwa akilala na pochi chini ya mto, nami nikikasirika. Ami yangu akanambia, "Mwanangu, usimdai imani. Mpe kitu cha kushika." Nikaanza kumkabidhi mama ujira wangu wote, naye ananipa nauli. Mwezi wa saba niliikuta pochi juu ya meza.

Halafu jihadhari na Idd. Ramadhani mji mzima unafunga pamoja nawe; Idd mosi kila mtu na furaha zake, na mfukoni mna pesa. Kipimo cha unga ulichokizoea zamani, mwili uliopumzika haukiwezi tena, na hapo ndipo mtu anapofia. Siku hizo nne usizipitishe peke yako. Sisi mwaka huu Idd pili tulikutana mapema, mmoja kaleta halua, mwengine mkate wa ajemi, kisha tukatoka pamoja kwenda viwanja vya Mnazi Mmoja kuwatembeza watoto wa dada zetu.