Maswali yenu: mashine ya vyombo ikikosa sabuni yake

Tembe za mashine ya kuoshea vyombo zimeniishia, na dukani wanasema nisubiri mzigo mpya. Je, nikitia sabuni ya maji ya kawaida, kidogo tu, kuna ubaya? – Msomaji, Mbezi Beach, Dar es Salaam

Ubaya upo. Sabuni ya sinki imetengenezwa itoe povu, na mashine haisugui: kinachosafisha ni maji ya moto yanayorushwa kwa nguvu na ile mikono inayozunguka. Povu likijaa, pampu inavuta hewa badala ya maji, mikono inalegea, vyombo vinatoka na mafuta yake, na povu linatafuta njia kwenye mpira wa mlango. Sabuni ya unga ya kufulia nayo iache, hata ile ya mashine ya nguo. Mbali na povu, ina manukato na dawa za kung'arisha nguo ambazo hazina kazi kwenye sahani ya kulia.

Mbadala unaofanya kazi kweli ni magadi ya watengeneza sabuni, yaani sodiamu kaboneti, ile inayozalishwa Ziwa Magadi nchini Kenya. Hata ndani ya tembe za dukani hukosi kuikuta. Nenda duka linalouza malighafi za sabuni, utafute mfuko ulioandikwa "soda ash". Pakiti ndogo za "magadi soda" za duka la mtaani mara nyingi ni bikaboneti, ile ya kuumulia keki, ambayo ni dhaifu. Magadi ya mawe ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, yana udongo na mchanga, na mchanga huo utaishia kwenye chujio na pampu. Zaidi ya yote, soma lebo kabla ya kulipa. Kwenye rafu hiyo hiyo hukaa kostiki soda, magamba au chembe nyeupe zinazounguza ngozi na macho. Hiyo usiitie kwenye mashine, na usiirudishe nyumbani kwa makosa.

Kipimo ni gramu 15 hadi 20 kwa mzunguko mmoja. Kama unga ni mwepesi, hiyo ni vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa. Ukiwa mzito wenye chembechembe, kimoja kinatosha. Uweke mkavu kwenye kisanduku cha sabuni kilichopo mlangoni, ufunge kifuniko. Ukiumwaga tu chini ndani ya mashine, sehemu kubwa itatoka na maji ya mwanzo kabla kazi haijaanza. Chagua programu ya nyuzijoto 65 au 70, siyo ile ya haraka. Vyombo vikiwa na mafuta mengi, dondoshea matone mawili matatu ya sabuni ya maji juu ya unga. Matone, si kijiko.

Magadi yanashindwa na wanga na yai. Sabuni halisi ya mashine ina vimeng'enya vinavyovunja vitu hivyo, magadi hayana. Basi ukoko wa ugali, uji uliokauka kwenye bakuli na yai kwenye uma viloweke kwanza nusu saa. Tumia maji baridi, kwa sababu maji ya moto yanaligandisha yai. Kila mzunguko ukiisha toa chujio ulisuuze bombani, maana ute wa wanga hukusanyika humo. Madoa ya chai vikombeni yatabaki pia, isipokuwa ukipata sodiamu pakaboneti safi: kijiko kimoja cha chai juu ya magadi, kwenye maji ya moto, hutoa oksijeni inayoyafuta.

Kwa wiki moja mbili hivi, mpango huu unatosha. Hatuushauri uwe wa kudumu, na jibu la msomaji wa London hapa chini linaonyesha kwa nini.

Huku kwetu hakuna duka la kemikali. Nina bikaboneti tu, nusu kilo. – Msomaji, Karatu

Unaweza kuigeuza kuwa kaboneti kwenye oveni. Tandaza gramu 300 kwenye sinia ya chuma cha pua au bakuli la kioo la kuokea, unene wa sentimita moja, usitumie alumini. Oka kwa nyuzijoto 200 muda wa saa moja, ukikoroga mara moja katikati. Inatoa mvuke na hewa ya kaboni, na inapungua uzito: gramu 300 hubaki kama 190. Ukipima na uzito haujashuka kwa zaidi ya theluthi moja, rudisha ndani. Ikishapoa ihifadhi kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, uandike jina juu yake, mbali na watoto na mbali na unga wa mandazi. Sasa ni kali zaidi kuliko ulivyoinunua, na keki haitaki.

Nilichanganya bikaboneti, asidi ya sitriki na chumvi, vijiko sawasawa. Glasi zimekuwa na ukungu mweupe. – Msomaji, London

Mchanganyiko huo unasambaa sana, na una makosa mawili. Asidi na bikaboneti zikikutana na maji zinauana: zinachemka, hewa inatoka, na nguvu ya kukata mafuta inakwenda nayo. Hata ndani ya kopo, unyevu kidogo tu unatosha kuanzisha jambo hilo. Unga hugandamana na mfuniko unaweza kuruka. Chumvi nayo haisafishi kitu ikiwa imemwagwa kwenye vyombo, bali inatia madoa ya kutu kwenye visu.

Ukungu unaletwa na maji yako. Maji ya London ni magumu, zaidi ya miligramu 200 za kalisiamu kaboneti kwa lita. Soda yoyote ikiingia humo inaiangusha kalisiamu, nayo inashika kwenye glasi. Zamani fosfati ndani ya sabuni ndiyo iliyoizuia. Tangu Januari 2017 Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado ndani, uliweka kikomo cha gramu 0.3 za fosforasi kwa dozi moja, na viwanda vikahamia kwenye sitrati na viungo vingine. Unga wa nyumbani hauna hata kimoja cha hivyo.

Kwanza pima. Chovya kitambaa kwenye siki, sugua glasi moja. Ukungu ukitoka, ni chokaa: endesha mashine tupu na gramu 50 za asidi ya sitriki, kwa nyuzijoto 50, usizidishe, kwa kuwa kwenye joto kali sitrati ya kalisiamu yenyewe hujitenga na kuganda. Ukungu usipotoka, kioo kimeliwa na hakitarudi. Baada ya hapo jaza chumvi maalumu ya mashine kwenye tangi lake, lile la kilainisha maji, rekebisha kiwango cha ugumu wa maji, na tumia dawa ya kusuuzia. Kikombe cha siki kwenye rafu ya juu hakisaidii. Kinamwagika mapema, kinaiua soda, na suuza ya mwisho haikioni.

Sufuria zangu za alumini zimetoka nyeusi baada ya kutumia magadi. Nimeziharibu? – Mama Zuhura, Nyali

Hujaziharibu, Mama Zuhura. Magadi yanayeyusha utando mwembamba unaoilinda alumini, ndiyo maana inapiga weusi. Chemsha maji ndani ya sufuria pamoja na ndimu, vijiko viwili vya maji ya ndimu kwa kila lita, dakika kumi, kisha sugua kwa steelwaya. Ukwaju nao unafanya kazi hiyo. Kuanzia leo ziosheni kwa mkono, pamoja na miko, mbuzi ya nazi, visu vya mpini wa mti na vikombe vyenye ukingo wa dhahabu.

Shikamooni. Nafanya kazi nyumba moja hapa Muscat. Nimetia sabuni ya sinki, povu limefika sakafuni na mashine inalia haiendelei. Nifanyeje? – Dada wa Muscat

Marahaba, dada. Zima mashine, subiri ipoe kidogo, toa vyombo. Chota povu kwa bakuli. Mimina ndani kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia, ambayo huvunja povu. Siki haitasaidia sana, kwani sabuni za maji za siku hizi haziogopi asidi. Ongeza maji baridi lita 4, funga, kisha iamuru itoe maji. Mashine nyingi unabonyeza kitufe cha kuanzia kwa sekunde tatu. Rudia mpaka maji yatulie bila povu. Futa pia kisanduku cha mlangoni, maana sabuni iliyobaki humo italirudisha povu.

Ikiendelea kulia, povu limeingia kwenye trei ya chini, ambako kuna boya dogo linalofunga maji likipanda. Chomoa waya ukutani kwanza. Kisha watu wawili waivute na kuiinamisha taratibu, taulo zikiwa chini, hadi maji yatoke. Kama imejengewa ndani ya kabati, mwachie fundi. Mwisho iendeshe tupu kwa moto na kijiko kimoja cha magadi, itoe yale mafuta.

Chumvi ya mezani kwenye tangi la chumvi, na klorini ya nguo kwa kuua vijidudu: vinafaa? – Msomaji, Kampala

Chumvi ya mezani ina dawa za kuzuia kugandamana zinazoweza kuziba tangi. Tafuta chumvi safi ya chembe kubwa isiyoongezwa kitu. Sabuni au magadi yasiingie humo hata siku moja, yanaua kilainisha maji. Klorini inakula chuma cha pua, na ikikutana na siki au asidi ya sitriki hutoa gesi ya sumu. Nyuzijoto 70 zinatosha kwa vyombo vya nyumbani.