Kwa nini mtoto wa darasa la kwanza hana daftari la sayansi

Ndugu mzazi, umeuliza kwa nini mwanao aliyeanza darasa la kwanza mwaka huu hana daftari la sayansi wala la jiografia, na kama walimu wamezembea. Hawajazembea. Tangu mwaka 2015, mtaala wa darasa la kwanza na la pili nchini Tanzania umejengwa juu ya Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, na sehemu kubwa ya vipindi hutolewa kwa stadi hizo. Katika kusoma, mtoto huanza na sauti za herufi, huziunganisha kuwa silabi, kisha maneno. Kwa hiyo usishangae akiimba ba, be, bi, bo, bu jioni nzima. Katika kuhesabu hutumia vizibo vya soda au vijiti, na vijiti kumi vinapofungwa kuwa fungu moja ndipo anapoona kwa macho yake kwamba tarakimu 1 katika 14 ni fungu moja la kumi, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko kukariri namba hadi mia. Kunawa mikono na kutunza mazingira hufundishwa pia, pamoja na michezo na sanaa. Masomo unayoyatafuta, yaani Sayansi pamoja na somo liitwalo Jiografia na Mazingira, huanza darasa la tatu. Kwa sasa mkague daftari la kuandika, hasa kama herufi zake zinakaa kwenye mstari.