Nani Atashika Taulo Lako?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama usaini mkataba wa promota uingie ngumi za kulipwa, au ubaki kwanza kwenye ridhaa. Na kwa ukorofi wako ukaongeza kwamba nikujibu kama mtu wa kona, yule anayemhudumia bondia kati ya raundi, nisikujibu kama baba. Haya, nitajitahidi, ila hao wawili wanakaa kwenye mwili mmoja.

Kwamba unajua kupigana sina wasiwasi. Wanaojua kupigana ni wengi, na wengi wao hawakufika popote. Ninachotaka kujua ni huo mkataba unasema nani atakuchagulia wapinzani, na nani atakaa kwenye kona yako. Kwenye ridhaa mpinzani unampata kwa droo. Kwenye kulipwa anachaguliwa, na anayechagua ana hesabu zake. Bondia anayetengenezwa hupewa watu anaoweza kuwashinda, rekodi ikajengwa taratibu: raundi nne, sita, halafu nane. Asiye na wa kumsemea hupigiwa simu siku chache kabla ya pambano, akapigane kwenye uzito usio wake na kipenzi cha promota. Juu yake ndipo rekodi ya mwenzake inapojengwa. Wote wawili wana leseni, wote wanaitwa mabondia wa kulipwa, na tofauti yao mara nyingi haikuanzia kwenye ngumi.

Kuhusu pesa sitasema mengi, kwa sababu hesabu unaijua kunishinda. Kiasi kinachotangazwa sicho kinachofika mfukoni. Kocha kwa desturi hukata asilimia 10, meneja anaweza kufika theluthi, ukigombea mkanda wa ubingwa chama chenye mkanda nacho kina ada yake, halafu kodi inakungoja mlangoni. Joe Louis alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu 1937 hadi 1949, akastaafu, na deni la kodi likamrudisha ulingoni. Mwaka 1951 Rocky Marciano alimpiga mpaka akatoka nje ya kamba. Na ukiona promota ndiye pia meneja wako, simama hapohapo. Meneja kazi yake ni kukubishania na promota. Sasa huyo atabishana na nani?

Upande wa wanawake kuna jambo watu wanalipita. Raundi zenu za kulipwa ni dakika mbili, na pambano la ubingwa ni raundi 10, wakati wanaume wanapigana dakika tatu kwa raundi 12. Amanda Serrano alidai apigane kama wanaume, na Oktoba 2023 akatetea mikanda yake hivyo; WBC, kimojawapo cha vyama vinavyotoa mikanda, walipokataa utaratibu huo, akaachana na mkanda wao. Namheshimu sana kwa hilo. Lakini wewe usidanganyike kwamba dakika mbili ni nafuu. Muda ukiwa mfupi hakuna anayepoteza sekunde kumsoma mwenzake, na kile kikinga kichwa ulichozoea kwenye ridhaa hutakuwa nacho.

Sasa nije kwenye kona, maana hapo ndipo nilipofanyia kazi.

Mapumziko ni dakika moja. Ukitoa muda wa bondia kufika kwenye kiti na muda wa sisi kushuka, haibaki yote. Ikiwa amechanika juu ya jicho, nafuta damu, nakandamiza kijiti chenye pamba na dawa ya adrenalini ndani kabisa ya kidonda, kisha naziba na mafuta ya mgando ili konde liteleze. Ikiwa amevimba, naweka chuma baridi na kukandamiza bila kusugua. Ukisugua unaongeza damu chini ya ngozi. Watu wanaangalia mikono yangu, lakini mimi naangalia macho ya bondia. Namuuliza tunaingia raundi ya ngapi. Akichelewa kujibu, au akanijibu kwa kunitazama mdomo, hiyo ndiyo habari ninayoitaka, kuliko kidonda chenyewe.

Ndiyo maana kwangu shujaa wa pambano la Manila, Oktoba 1, 1975, ni Eddie Futch. Muhammad Ali na Joe Frazier walikuwa wamepigana raundi 14, imebaki moja tu. Uso wa Frazier umevimba, makonde hayaoni yanakotokea, naye anataka kuendelea. Futch, kocha wake, akakataa. Frazier alipoteza pambano, akabaki hai na miaka mingi mbele yake. Mwaka 1982 Duk Koo Kim aliangushwa na Ray Mancini raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye. Baada ya hapo WBC wakapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na vyama vingine vikafuata.

Na usifikiri ni nokauti peke yake. Tangu 1928, Harrison Martland alipoandika juu ya mabondia wanaoyumba na kupotewa na kumbukumbu, madaktari wamekuwa wakionya kwamba mapigo ya kichwa yanajumlishwa, na ya sparingi, yaani kupigana mazoezini, yamo. Kwa hiyo hata gym unahitaji mtu wa kukwambia leo glovu hatuvai.

Jibu langu: usisaini hivyo ulivyo. Waandike kwamba kona unaichagua wewe, kwamba una haki ya kukataa mpinzani na uzito, na kwamba pambano likisimamishwa na kocha wako hawakukati malipo. Wakikubali, ingia, umri wako unaruhusu na mkono wako wa kushoto hauna haja ya kungoja mtu. Wakikataa hilo la mwisho, baki ridhaa.

Mimi kwenye kona yako usiniweke. Ningerusha taulo kusimamisha pambano raundi ya pili, tena unaongoza.

Nitumie mkataba, kurasa zote, na namba ya huyo kocha mpya unayemsifu. Nataka kumuuliza mara ya mwisho kumsimamishia bondia wake pambano ilikuwa lini, na kama bado wanasalimiana.

Baba yako