Kaunta ya mbao jikoni: vanishi, mafuta au nta?

Meseji za kaunta za mbao zimekuwa nyingi, nyingine mnauliza kitu kile kile, kwa hiyo leo nazijibu kwa mpigo.

Fundi anasema nipige vanishi yaishe, rafiki yangu anasema mafuta. Nimsikilize nani?

Wote wako sawa, ila wanaongelea vitu viwili tofauti. Vanishi, hasa ile ya poliurethani, inakaa juu ya mbao kama ngozi, maji yakimwagika yanabaki juu unafuta unaendelea na mambo yako. Mafuta yenyewe yanazama kwenye nyuzi, ukipitisha mkono unagusa mbao kabisa. Kwa kuzuia maji vanishi inashinda, sikufichi. Kazi inaanza siku kisu kimeteleza au sufuria nzito imeburutwa, hapo ngozi imeshachanika, maji yanapenyea kwenye ule mkwaruzo yanakaa chini hayana pa kutokea, ubao unaanza kupiga weusi chini kwa chini wakati pembeni bado panang'aa, mara vanishi inabanduka kama magamba ya samaki, na ukitaka kupaka hapo hapo tu kiraka kinaonekana, kwa hiyo unajikuta unakwangua kaunta nzima. Mafuta yakichoka unapiga msasa mwepesi hapo hapo, unapaka, kesho hata mgeni hajui.

Sasa jiulize, wewe ni wa kupaka mafuta kila baada ya miezi michache au ni wa "wiki ijayo" mpaka mwaka unaisha? Kama ni huyo wa pili, piga vanishi, mikono mitatu myembamba (yaani paka mara tatu), na msasa laini katikati ya kila mkono. Halafu katia vitu kwenye kibao, sio kwenye kaunta. Mimi napenda ya katikati, yale mafuta yaliyochanganywa na nta ngumu: mikono miwili imetosha, yanadumu kuliko mafuta matupu na pakiharibika unaziba hapo hapo. Usipake mazito tu, yatabaki juu yananata.

Si nipake tu mafuta ya kupikia? Yapo ndani tayari.

Usithubutu. Nilishapaka ya mzeituni kwenye kibao changu, wiki ya kwanza kizuri balaa, baadaye kikawa kinanata na kinatoa harufu ya mafuta yaliyochacha, nikakiosha weeee mpaka nikakata tamaa. Mafuta ya aina hiyo hayakauki yakawa magumu. Yanayokauka ni kama ya kitani au ya tung (mafuta ya mbegu za mti wa tung), yanashikana na oksijeni ya hewani yanageuka kitu kigumu ndani ya mbao. Ya kitani mabichi yanaweza kuchukua siku nyingi, hata wiki, ndio maana wengi wananunua yaliyowekewa dawa ya kukausha, ila hayo soma kopo kwanza kama yanaruhusiwa kwenye sehemu ya chakula. Yale ya madini (yanayotokana na petroli) ya daraja la chakula hayachachi, lakini hayakauki pia, yanaondoka na maji ya kuoshea, kwa hiyo nayaacha kwa vibao vya kukatia.

Na hii naomba muisome mara mbili: matambara uliyopakia mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo ya taka. Yanavyokauka yanatoa joto, yakiwa yamebanana joto halina pa kwenda na yanaweza kuwaka moto yenyewe bila kiberiti. Yaanike nje moja moja yamekunjuliwa, au yaloweke kwenye maji.

Kuzunguka sinki pamekuwa peusi, vanishi bado mpya. Fundi kaniibia?

Huenda hajakuibia, huenda karuka sehemu. Mbao inakunywa maji zaidi pale ilipokatwa kichwani, yaani nyuzi zilipokatwa kwa kuvuka, ni kama mirija midogo imesimama wazi, na tundu la sinki limejaa hizo sehemu. Hapo panatakiwa papakwe mpaka pashibe kabla sinki halijakaa, na upande wa chini wa kaunta upakwe pia, la sivyo juu na chini vinakunywa unyevu tofauti na ubao unabinuka. Kama weusi una umbo la duara la kopo au umefuata skrubu, hiyo ni chuma imekutana na tanini (kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao) palipokuwa na maji. Kwangua vanishi, paka asidi ya oksaliki (dawa ya kutoa madoa ya aina hiyo kwenye mbao), suuza vizuri, acha pakauke kabisa ndio upake upya. Vaa glavu, ni sumu hiyo.

Vanishi si itaingia kwenye chakula?

Ikishakomaa, hapana shida. Watu wanachanganya kukauka na kukomaa: vanishi ya mafuta unaweza kuigusa kesho yake lakini kukomaa kabisa inaweza kufika hata mwezi. Kama bado inanuka, subiri.

Msasa namba ngapi?

Anza 80 au 120 kutegemea ubao ulivyo, malizia 150 au 180. Kwa mafuta usilainishe kupita hapo, utaziba vinyweleo na hayataingia.

Na shelaki, ile rangi ya kung'arisha mbao inayotokana na utomvu wa wadudu?

Jikoni hapana. Kikombe cha moto kinaiachia duara jeupe, na spiriti inaiyeyusha.

Nitajuaje mafuta yameisha?

Dondosha maji kidogo karibu na bomba, maana hapo ndio panawahi. Yakisimama kama shanga, bado uko vizuri. Yakitandaa na mbao ikapiga giza chini yake, futa, acha pakauke usiku mzima, paka, subiri dakika kama kumi na tano au vile kopo linavyosema, kisha ufute yote yaliyobaki juu hata kama roho inauma kuyafuta.