Kopo la mchele

Tabora, 3 Januari

Mwanangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Huku mvua imeshika. Karanga zimeota vizuri, majani nayo yameota vizuri zaidi, kwa hiyo nakuandikia nikiwa na udongo kwenye kucha.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: "Mama, kila mwaka naenda mkesha, nalia, naandika malengo, na Februari ikifika mimi ni yule yule. Huku kujichunguza kuna faida gani?" Chini yake ukanipangia malengo 12 ya mwaka huu.

Sikukemei. Nami nimelia mikesha mingi. Saa sita kasoro robo, kwaya imeshika wimbo wa taratibu, nani asilie? Ngoja nikusimulie jambo ambalo sijawahi kuwaambia ninyi watoto.

Unakumbuka nilipokuwa nauza mchele sokoni, wewe uko darasa la tano. Mchele nilikuwa nauleta kwa gunia kutoka Nzega, nauza kwa kopo. Lile kopo nililinunua kwa fundi bati likiwa tayari limegongwa kitako, kimeingia ndani vidole viwili. Mteja anaona limejaa mpaka lina kilele, anaridhika. Wengi pale sokoni tulikuwa nayo ya namna hiyo. Nilijiambia ushuru ni mkubwa, ada zenu hazisubiri, na tena mteja akiomba nyongeza namtupia kiganja kizima. Kile kiganja ndicho kilichonilaza usingizi! Namwibia kwa kopo, namrudishia kidogo kwa mkono, na yeye anasema asante.

Na wakati huo nilikuwa mwanakwaya. Kila Desemba nilijichunguza kwelikweli: nimekuwa mvivu wa maombi, nina hasira, Neno silisomi inavyotakiwa. Hakuna hata moja lililokuwa uongo. Ila zote zilikuwa dhambi ambazo hakuna mtu angekuja kupiga hodi kunidai. Kopo halikuingia kwenye orodha hata mwaka mmoja.

Desturi yetu Wamoravian unaijua, usiku wa mkesha husomwa kumbukumbu za mwaka: waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliozikwa, mvua ilivyokuwa. Wewe sehemu hiyo ulikuwa unalala begani kwangu, na sikulaumu, ni ndefu. Mwaka ule mzee wa kanisa akasoma jina la mama mmoja marehemu, mteja wangu wa kila Jumamosi. Yaliyofuata sikuyasikia. Nilianza kuhesabu: Jumamosi ngapi, makopo mangapi kila Jumamosi. Nikafika mahali nikaacha, maana huyo simlipi tena.

Asubuhi nikafungua kitabu cha neno la siku. Unajua kilivyoanza: Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728 walianza kupeana neno la kila siku, na mwaka 1731 likatoka la kwanza la kuchapwa. Mpaka leo andiko la Agano la Kale hupatikana kwa kura, ili mtu asijichagulie la kumfurahisha. Ningependa kukuambia siku ile lilitoka andiko la mizani ya hadaa. Halikutoka. Hata silikumbuki lililotoka. Lakini kopo lilikuwa pale pale juu ya gunia, linanitazama.

Zakayo hakumwambia Yesu kwamba kuanzia sasa atajitahidi. Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na aliyemnyang'anya amrudishie mara nne. Mara nne mimi nisingeiweza, mngerudishwa nyumbani wote kwa ada. Nilipima nusu debe nikampelekea yule mjane wa nyumba ya nyuma, mwenye wajukuu. Nikamweleza nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa.

Akasema, "Najua. Nilikuwa napima tena nyumbani."

Alikuwa anajua, na bado alinunua kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa namkopesha mwisho wa mwezi. Mchele akaupokea. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Miezi kadhaa tulisalimiana tu kama watu wa njiani.

Usidhani baada ya hapo magunia yalijaa. Nilinunua kopo zima, nikapandisha bei kidogo, wateja wakahamia meza ya pili kwenye makopo ya bei rahisi. Pasaka ile ulilia kwa sababu hukushonewa gauni. Sasa unajua lilikwenda wapi. Kopo la zamani ndilo hilo unalonyweshea kuku ukija likizo.

Hasira ninayo mpaka leo, wewe ni shahidi. Kwa hiyo Februari isikutishe. Maombolezo inasema rehema za Bwana ni mpya kila siku asubuhi, Januari haikutajwa.

Sasa nirudi kwenye malengo yako. Kumaliza Biblia nzima, kufunga kila Ijumaa, kupunguza simu, kuweka akiba. Mazuri. Nimeyasoma yote 12 nikitafuta jina la kaka yako, halimo. Tangu Aprili hamsemezani. Alikutumia hela ya bati 30 umnunulie huko mjini, zikafika 22, ukasema bei ilipanda. Labda ilipanda. Najua pia alikutukana, na kwa hilo nimeshamsema mbele ya baba yenu. Lakini Bwana alisema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale pale madhabahuni, uende upatane naye kwanza. Nani alianza, hakuuliza. Mimi nami sikuulizi hizo bati nane. Hesabu unayo wewe.

Kaka yako yuko shambani Sikonge mpaka palizi iishe. Pale nyumbani mtandao haushiki. Jioni, kama saa kumi na mbili hivi, hupanda kile kichuguu kikubwa nyuma ya zizi, ndipo simu yake inapopatikana. Mchana usijisumbue kupiga.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako